Zamu ya Usiku

Saa tisa usiku mji wa pwani hubakiwa na sauti chache. Bomba la uani linadondosha maji kwenye ndoo. Kuti la mnazi linasugua bati. Pikipiki moja inapita mbali, na ikishapita hata mbwa wanatulia. Ndani ya soba, zile nyumba ambazo nyaraka za serikali huziita nyumba za upataji nafuu, hii ndiyo saa ambayo mgeni hapati usingizi. Amejikunja kwenye godoro jembamba. Jasho linamtoka na baridi inamtetemesha kwa wakati mmoja, anapiga miayo mfululizo, machozi yanamtiririka ingawa halii, miguu inalipiga shuka mateke. Pembeni yake ameketi mtu mwingine, sakafuni, mgongo ukutani.

Huyu aliyeketi hafanyi jambo kubwa. Anashika ndoo. Anabadilisha shuka lililolowa. Anampa mwenzake maji kwa kikombe cha plastiki, funda moja, kisha jingine. Mara moja moja anatamka neno: tulia, kaka, itapita. Muda mrefu zaidi hasemi kitu. Miezi michache iliyopita godoro hilo lilikuwa lake, na mtu mwingine alikesha hapo ukutani alipoegemea yeye sasa. Zamu hii haina mshahara, na kukicha hakuna anayeitaja. Lakini katika yote niliyoyaona kwa watu waliorudi kutoka kwenye unga na kulala nje, hili ndilo ninalolirudia moyoni kuliko mengine: mtu amekaa karibu na maumivu ya mwenzake, anasubiri naye alfajiri.

Vijana wanaiita arosto. Huanza baada ya muda mfupi tu, nusu siku haiishi tangu kete ya mwisho; hukaza siku ya pili na ya tatu; kisha hulegea taratibu, na kwa kawaida wiki ikifika mwili umeanza kutulia. Waliopita huko husema mifupa huuma kwa ndani, mahali ambapo mkono hauwezi kufika kukanda. Husema maji ya kuoga huchoma ngozi. Husema usiku haujapata kurefuka hivyo popote pengine.

Na kete yenyewe ni ndogo. Ukucha wa kidole gumba unatosha kuibeba. Hata hivyo imesafiri kuliko wengi wetu tutakavyowahi kusafiri. Ilianza kuwa ua, katika mashamba ya Afghanistan yanayonyweshwa na theluji iliyoyeyuka milimani. Likachanjwa tunda lake, utomvu ukakusanywa, ukapikwa ukawa unga. Unga ukateremka hadi pwani ya Makran, huko Pakistan na Iran, ukapakiwa majahazini, ukavuka bahari ileile iliyotuletea tende na mazulia na misahafu. Pepo za kaskazi hazikagui mzigo. Tangu miaka ya 1980 unga umekuwa ukishuka katika pwani hii, ukaingia Mji Mkongwe, ukaingia Magomeni na Kinondoni, ukaingia Malindi na Kisauni, ukakaa katika nyumba ambazo mama hakujua jina lake hadi alipoona vyombo vya ndani vinapotea kimoja baada ya kingine.

Unga huo ndio heroini, na jina hilo lilitolewa Ujerumani mwaka 1898. Kampuni ya Bayer iliiuza kuwa dawa ya kikohozi, na watu waliokosa usingizi kwa kukohoa waliipokea kwa shukrani. Huwa natulia kidogo ninapofika hapo. Mambo mangapi yameingia duniani yakiwa yamevaa nguo ya tabibu.

Liko jambo jingine ambalo hunishika muda mrefu zaidi. Miaka ya 1970 wanasayansi waliona kwamba katika ubongo wa mwanadamu mna sehemu maalumu za kupokea afyuni. Wakabaki wanajiuliza: kwa nini mtoto azaliwe Unguja, au Uskoti, au popote, akiwa tayari na pa kuupokelea utomvu wa ua asilolijua? Mwaka 1975, katika mji wa Aberdeen, John Hughes na Hans Kosterlitz walieleza walichokipata. Mwili wenyewe hujitengenezea vitu vyake vya kutuliza maumivu, na zile sehemu ziliwekwa kwa ajili ya hivyo. Waliofuata baada yao wameona kwamba vitu hivyo hufanya kazi watu wanapocheka pamoja, na kwamba vinahusika kinda la mnyama linapoacha kulia kwa sababu limerudishwa kwa mama yake. Mahali ambapo unga hukalia palikuwepo kabla ya unga. Paliandaliwa kwa ajili ya kicheko, na kifua cha mama, na kutulia karibu na mtu.

Sijui namna ya kulichukulia jambo hilo isipokuwa kwa kicho. Muumba aliacha nafasi ndani yetu inayoweza kujazwa na mwingine, na nafasi hiyohiyo ndiyo mwizi aliyoingilia.

Ukitembea Mji Mkongwe usiku wa manane utaziona baraza, zile kuta fupi za mawe zilizojengwa nje ya nyumba ili jirani na mgeni wapate pa kukaa. Mchana hujaa watu. Kuna kahawa na kashata, kuna bao, kuna habari za mpira na za siasa, kuna wazee wanaojibizana jambo lilelile tangu Mapinduzi. Usiku hubaki tupu, na wapo wanaozilalia. Gunia limefunika uso. Ndala zimewekwa chini ya kichwa zisiibiwe. Baraza ilijengwa kwa ajili ya mgeni, na mgeni amekuja. Dar es Salaam wenzake wamelala kwenye vibaraza vya maduka ya Kariakoo, chini ya madaraja, kando ya Mto Msimbazi, au ndani ya ngalawa zilizovutwa mchangani. Wote wataamshwa mapema: na mlinzi, na mgambo, na mwenye duka anayemwaga maji ya kuoshea kizingiti. Asiye na nyumba hana asubuhi yake mwenyewe. Kila kunapokucha anafukuzwa mahali.

Na kuna kufukuzwa kusiko na kelele. Mama aliyemfahamu tangu akiwa chuoni anahamisha mkoba upande wa pili. Mwenye genge anaweka chenji kwenye ubao, hampi mkononi. Watu wanaacha kumwita kwa jina, kwanza nje, kisha hata nyumbani, ambako sasa anasemwa kwa "yule". Maskani wenzake wamempa jina jingine, la utani, na jina alilopewa siku ya saba na kunong'onezewa sikioni limelala mahali fulani kwenye cheti cha kuzaliwa, kama cheti hakijauzwa na kabati lililokihifadhi.

Hata huko chini, hata hivyo, kutoa hakukufa. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa wakifanya kazi na watu wanaojidunga Dar es Salaam waliandika habari ambayo nikiikumbuka naacha nilichokuwa nikifanya. Wapo wanawake waliokuwa wakivuta damu yao wenyewe kwenye bomba la sindano, baada ya kupata unga, na kumpa mwenzao aliyekosa fedha, kwa imani kwamba damu ile ingempunguzia arosto. Ilikuwa njia ya mauti. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini havikuhitaji njia fupi kuliko hiyo. Madaktari walishtuka, na walikuwa na haki ya kushtuka. Nami nashtuka. Lakini ndani ya mshtuko huo namwona mwanamke asiye na kitu chochote, aliyefukuzwa na kila mlango, anayemtazama mwenzake anavyoteseka na kutafuta cha kumpa, na kilichobaki kwake ni damu. Nani atasema kwamba huyo alikuwa amepotea kabisa? Mkono uliojua kutoa ulikuwepo. Ulikosa tu kitu chema cha kutoa.

Wanawake hawa, niseme hapohapo, bado ndio wanaosahauliwa. Soba nyingi ni za wanaume. Mwanamke mwenye uraibu hubeba aibu mara mbili, na akiwa na mtoto mgongoni hubeba mara tatu, na milango ya kumpokea bado ni michache mno.

Kwamba mkono unaotoa ndio unaoponya, mtu mmoja alikuja kulitambua mbali na hapa, akiwa katika dhiki yake. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York, alikuwa peke yake katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower mjini Akron, Ohio. Biashara iliyompeleka ilikuwa imeharibika. Alikuwa na miezi mitano tu bila pombe. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa, vicheko vikitoka. Upande mwingine simu, na orodha ya makanisa ya mji. Miezi yote hiyo alikuwa amezunguka New York akijaribu kuwaopoa walevi wengine, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Ila yeye, katika kuhangaika nao, hakunywa. Akaiendea simu. Alichouliza kinashangaza hadi leo: aliomba aonyeshwe mlevi mwenzake wa kuzungumza naye.

Kesho yake jioni alikutanishwa na Robert Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa inamwondolea kazi mikononi. Daktari alikuja akiwa ameazimia kukaa robo saa. Waliagana saa tano ya usiku ikiwa imepita. Tarehe 10 Juni mwaka huo Smith alikunywa mara ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Haukupita muda, wawili hao walikuwa wamesimama kando ya kitanda cha mtu wa tatu, hospitalini. Mwaka 1953, California, waliokuwa na uraibu wa dawa nyingine wakaanza Narcotics Anonymous kwa kufuata njia hiyo, na hatua zake kumi na mbili ndizo zinazosomwa leo katika soba nyingi za Unguja na bara, zikiwa zimevaa Kiswahili, watu wamekaa duara juu ya mkeka, wengine wametoka kuswali, wengine wana rozari mfukoni.

Sijui Wilson alimpa Smith nini katika saa zile. Hakuwa na dawa wala elimu ya tiba. Aliyekuwa nayo ni Smith. Wilson alikuwa na habari ya maisha yake tu, na haja. Nadhani haja ndiyo iliyofanya kazi. Daktari alikuwa ameshaombewa, ameshaonywa, ameshahurumiwa na watu wengi walio salama. Mara hii mbele yake aliketi mtu anayemhitaji ili aipite siku.

Asubuhi ya soba huanza na ufagio. Anayepewa ni aliyekuja karibuni, akishaweza kusimama. Uani pana majani ya mwembe, na kila siku yapo mapya. Kijana ambaye kwa miaka hakuwa na sababu ya kujua saa anaambiwa: kabla ya chai, ua uwe safi. Mwingine anapewa ndoo na choo. Mwingine anachambua mchele kwenye sinia, anainama juu ya kila punje, anatoa changarawe moja, anaitazama, anaiweka kando. Mwingine anapewa ufunguo wa stoo. Nilimtazama aliyepewa ufunguo. Alikuwa ameshauza, kwa maneno yake mwenyewe, kila kilichofungwa na kisichofungwa katika nyumba ya baba yake. Akaufunga ufunguo ule kwenye uzi, akauvaa shingoni, na mchana kutwa mkono wake ulikuwa ukienda kuugusa.

Kisha kikao. Anasimama mmoja: naitwa fulani, mimi ni mraibu. Na chumba kizima kinamsalimu kwa jina hilo. Jina lile la siku ya saba. Wengine huanza kwa sauti ndogo mno, inabidi warudie. Hakuna anayehimizwa. Feni inazunguka, nje muuza samaki anapita akiita, na mtu anangojewa mpaka jina lake limfike mdomoni.

Mmoja wao alinisimulia habari ya siku moja baada ya Ramadhani. Walikuwa wametoka kusafisha mtaro wa mtaa, kazi ambayo soba yao iliiomba kwa sheha, kiongozi wa eneo lile, bila malipo, maana mvua za masika zilikuwa zimekaribia na mtaa ule hufurika. Alikuwa na koleo, tope mpaka magotini. Akapita mtoto wa kike aliyetumwa dukani, ameshika noti, akasema, "Shikamoo." Mtoto hakujua kitu. Aliona mtu mzima anafanya kazi, akatoa salamu aliyofundishwa. Yule kijana alichelewa kuitikia. Aligeuka nyuma kwanza kutazama ni nani aliyesalimiwa. Nyuma yake palikuwa na ukuta. Mtoto alisimama akingoja, maana ndivyo alivyofundishwa, haondoki kabla hajajibiwa. "Marahaba," akasema hatimaye, na mtoto akaenda zake dukani.

Habari yake iliishia hapo. Aliniambia bila kunitazama, akitengeneza kamba ya ndala, na sikuuliza zaidi.

Pwani jeneza halibebwi na watu wanne mpaka mwisho. Anayelikuta njiani huweka chini alichonacho, husogea, hutia bega kwa hatua kadhaa, kisha humpisha aliye nyuma yake. Ndiyo maana maiti huenda kasi, akipita juu ya mabega mengi, hata ya watu wasiomjua. Alasiri moja, upande wa Ng'ambo, Unguja, niliona mazishi yakipita, na nilipouliza wakaniambia ni teja aliyekutwa amefariki nyuma ya soko. Ndugu walikuja wachache. Walioosha, chini ya maelekezo ya mzee wa msikiti, walikuwa vijana wa soba. Walioshika majembe na kuchimba walikuwa vijana wa soba. Na chini ya jeneza waliingia mmoja baada ya mwingine, wakikimbia kidogo kulifikia, wakipishana, wengine bado wembamba wa arosto, mabega yametokeza mifupa.

Kisha likatokea jambo ambalo kila siku hutokea katika mazishi ya mtu mwingine yeyote, na kwa hiyo hakuna aliyelitazama. Wenye maduka walisimama. Fundi cherehani aliondoa mguu wake kwenye pedali, akatoka, akatia bega. Mchukuzi alitua mkokoteni. Muuza mbatata alijifuta mikono. Njia yote ile, mtu ambaye akiwa hai alikuwa akirukwa kwenye baraza alipita juu ya mabega ya mtaa mzima, na waliokuwa wakifukuzwa walisukumana bega kwa bega na waliokuwa wakiwafukuza, na hakuna aliyeuliza nani ni nani, kwa kuwa uzito ulikuwa mmoja. Vumbi lilibaki likielea kidogo. Nilisimama pale hata mkokoteni ulipoanza tena kulia magurudumu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini tunajua kufanya hivyo kwa maiti. Tumelelewa nalo; ni fardhi, na miguu yetu inaijua bila kuambiwa. Aliye hai naye ana uzito, na pengine ni mwepesi zaidi.

Wapo wanaorudi kwa njia nyingine, na kwangu njia hiyo haina upungufu. Februari 2011, hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika nchi za bara kusini mwa Sahara. Zikafuata za Mwananyamala na Temeke. Zanzibar ikafungua Kidongo Chekundu. Kenya ikaanza Nairobi mwishoni mwa 2014, kisha Malindi na Mombasa. Kwa kawaida dawa hunywewa papo hapo, mbele ya mhudumu, kila siku, hata Idi na Krismasi. Huzuia arosto kwa siku nzima, na aliyekwisha kuzoea dozi yake halewi nayo. Wako wanaosema huko ni kubadilisha dawa kwa dawa. Ningependa wasimame siku moja karibu na foleni ile asubuhi. Kuna mwanamke amebeba mtoto aliyenawiri. Kuna mzee aliyefika kwa daladala tatu. Kuna utani, kuna kuulizana hali: fulani mbona jana hakuonekana, nani atapita kwake. Mtu aliye hai leo anaweza kuokota ufagio kesho. Hilo linanitosha.

Kuna wanaoanguka. Soba yoyote itakwambia, na haifichi. Yule aliyekesha na wageni wiki sita mfululizo, aliyesomea wenzake hatua kwa sauti nzuri, siku moja anatumwa sokoni na harudi. Ufunguo unakutwa umening'inizwa msumarini, kwa adabu, kabla hajatoka. Na yule ambaye wote walimkatia tamaa, mkorofi, mwongo, aliyefukuzwa na kupokelewa tena, ndiye leo anayewafungulia mlango wageni. Nimetafuta sababu. Nimewauliza wanaoishi ndani ya jambo hili kwa miaka mingi, nao wakainua mabega, wakasema Mungu anajua, na hawakulisema kwa mazoea ya ulimi. Walilisema baada ya kufikiri.

Ninachokiona ni kidogo. Naona kwamba aliyeanguka akirudi, godoro hutandikwa palepale, na mtu huketi ukutani, na pengine safari hii mtu huyo ni mgeni wake wa juzi. Mwalimu amekuwa mwanafunzi wa mwanafunzi wake na hakuna anayeona ajabu. Ndoo ni ileile. Naona pia kwamba aliyeketi, katika muda wote anaohesabu pumzi za mwenzake, hakumbuki kutamani. Atatamani baadaye, pengine mchana, pengine akisikia wimbo fulani. Lakini usiku ule mikono yake ina kazi, na kuna mtu duniani ambaye akiondoka yeye atabaki peke yake. Nafasi ile ya ndani, iliyoandaliwa kabla ya ua na kabla ya unga, ina kitu ndani yake hadi kukuche.

Kwa waliopata nafuu shukrani haina maneno makubwa. Nimewasikia wakishukuru kwa mambo ambayo mimi huyapita: kusikia njaa ya kawaida, kupata choo bila maumivu, kulala ndani mvua ikinyesha na kuisikia juu ya bati, kusafiri kwa boti hadi Pemba na kurudi na chenji ya mama ikiwa kamili. Mmoja hushukuru kwa mlango. Nyumba yake ni chumba kimoja cha kupanga, na kila jioni, akishaingia, hufunga komeo, hufungua, hufunga tena. Anasema anapenda sauti yake. Nilimsikiliza akifanya hivyo mara moja, na tangu hapo komeo la kwangu nalo nimeanza kulisikia.

Ila wengi wao wanakwama hapa hapa, baada ya kupona. Wanatoka soba wakiwa na afya na jina lao, wanarudi katika mtaa uliowazoea wakiwa wagonjwa, na hakuna anayewapa cha kufanya. Siku tupu ni ndefu, maskani iko palepale, na maskani haijawahi kumkataa mtu. Waliokwisha kuniamini wote wamelisema hili kwa namna moja au nyingine: aliyenisaidia kuacha alikuwa ni yule aliyenipa mtu wa kumtunza na jambo la kufanya.

Basi msomaji, nina ombi. Kama una karakana, au mgahawa, au saluni, au boti, au shamba, au ua tu unaohitaji kufagiliwa kila asubuhi, nenda kwenye soba iliyo karibu nawe uulize ni nani aliye tayari kufanya kazi. Ukipenda, chukua na mchele na sabuni, vitapokelewa. Lakini usiache kuulizia mtu. Mpe kazi ya kweli, umlipe haki yake kwa wakati, na umwite kwa jina alilopewa na wazazi wake.